Karatasi Tano za Mwisho

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu husema makalio yangu hayajawahi kukijua kiti, na kwa hilo simbishii. Miaka ile ya vita nilizidi. Nilikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na bandari ya Kalemie: mashine moja, jenereta yenye kikohozi, benchi la wateja. Kutwa nzima nilitoka mlangoni, nikatazama ziwa, nikarudi, nikashika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Wateja walidhani nasubiri habari za mume. Sikuwa na mume. Nilikuwa nasubiri watu kumi ambao sikuwahi kuwatia machoni.

Niseme mapema: mimi ni mpenzi wa bede. Ndivyo tunavyoviita kwetu vitabu vya hadithi za picha. Baba alikuwa karani wa reli, na kila alipotumwa Lubumbashi alirudi na albamu moja ya jalada gumu, ameificha chini ya mashati ili mama asipige kelele. Alipofariki aliniachia sanduku la bati lenye albamu kumi na saba, na karibu zote zilikuwa hadithi zisizo na mwisho, maana ya pili ipo, ya tatu haipo, ya kwanza imeliwa na mchwa. Kalemie utapata saruji, chumvi, vitenge vya kila rangi na redio kutoka Kigoma. Bede huzipati. Siku moja nilimwuliza mwuza madaftari sokoni kama anaweza kuniagizia, akanitazama kuanzia kilemba hadi ndara.

"Mama, uko na batoto bangapi?"

"Sina."

"Sasa bede ni ya nani?"

"Ni yangu."

Alicheka mpaka akakaa juu ya bidhaa zake. Wiki nzima wenzake waliniita Mama Katuni, na mimi, kwa kuwa nina ulimi, niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Basi nikajaribu simu. Nilinunua mega, nikaingia mtandaoni, nikatafuta picha ya jalada la albamu mojawapo ya baba. Niliikuta, na chini yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa hasira tu, bila kutegemea kitu: nani ana ya pili ya hadithi hii? Siku ya tatu nilipata jibu. "Mama, ya pili niko nayo. Ya tatu njo nakosa. Weye?"

Huyo ndiye Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi katika kijiji cha upande wa Ankoro, karibu na mto Luvua, na ili apate mtandao ilimbidi kupanda kichuguu nyuma ya shule. Alikuwa ameanzisha kikundi cha simu cha watu kama sisi. Nilipoingia tulitimia kumi na mmoja. Hatukuitana kwa majina ya ubatizo. Kulikuwa na Papa wa Kabalo, mstaafu wa reli, kulikuwa na Mama wa Kirungu, mkulima wa milimani, mwenye kikohozi cha baridi katika kila sauti aliyotuma, na wengine. Mimi nikawa Mama Fotokopi.

Kikundi kilikuwa na sheria zake. Picha ilikatazwa, kwa kuwa picha moja ilikula mega za wiki nzima. Kwa hiyo bede zetu tulizisoma kwa sauti. Kila Jumamosi alasiri mwenye zamu alituma odio fupi fupi za sauti yake: anataja ukurasa, anaeleza kila picha, nani kasimama wapi, mvua inanyesha au hainyeshi, kisha anasoma maneno. Akimaliza ukurasa anasogeza simu karibu na kitabu na kugeuza karatasi, ili wote tuisikie. Kwaa. Bila ule mlio, Mama wa Kirungu alikuwa analalamika kwamba bado yuko nyuma.

Sheria ya mwisho ilikuwa kali zaidi. Msomaji haruhusiwi kutangulia. Hata kama kitabu ni chako, unakifungua Jumamosi pamoja na wengine, na ukifika ukurasa wa siku hiyo unakifunga. Kutangulia kusoma, alisema Mwalimu, ni kula peke yako huku wageni wako barazani. Mtu mmoja wa Lubumbashi, aliyeingia baada yangu, aliwahi kututobolea mwisho wa hadithi, na Mwalimu alimtoa kikundini saa ileile. Hakumpa hata nafasi ya kuomba msamaha. Wakati ule nilipiga makofi.

Vita vilikuwa mbali kidogo, kisha vikawa karibu. Havikuja na vifaru. Vilikuja na mishale na viberiti, kijiji kwa kijiji, jirani kwa jirani, na waliokimbia waliingia Kalemie na magodoro kichwani. Ng'ambo ya mto Lukuga yalisimama maturubai, safu kwa safu. Kwenye kibanda changu watu walileta vitambulisho vilivyoungua pembe, wakitaka fotokopi haraka kabla kilichobaki hakijamomonyoka. Nilikuwa nikibonyeza mashine huku mguu wangu ukipigapiga sakafu, na kila jina la kijiji lililosomwa kwenye orodha za waliokimbia nililisikiliza kama ni cha Mwalimu.

Mwezi uleule nilikuwa nimepata albamu mpya, ya kwanza tangu baba afe. Mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliniletea kutoka Lubumbashi. Ilihusu fundi wa saa katika mji wa reli. Saa kubwa ya stesheni imesimama kwa sababu gurudumu lake dogo limeibwa, na fundi anaondoka nyumbani kulitafuta, stesheni baada ya stesheni. Katika ukurasa wa tatu anafunga mlango na kuteremka ngazi, na mbwa wake amelala pale nje. Nilipoeleza picha hiyo, Mwalimu aliuliza papo hapo, "Na ule mbwa, anaenda naye ao anabaki?"

"Anabaki," nikasema.

"Aa," akasema.

Tulisoma hadi ukurasa wa thelathini na sita. Zilibaki karatasi tano. Kisha Mwalimu akapotea hewani. Jumamosi ya kwanza tulisema ni betri. Ya pili tulisema ni mtandao. Ya tatu hakuna aliyesema kitu. Tulikubaliana kwamba fundi hatasogea hata hatua moja mpaka Mwalimu arudi, nami nikaiweka albamu juu ya kabati nyumbani, nikajizuia kuigusa. Nilikuwa na hofu, tena hofu ya kijinga, kwamba nikichungulia nitamletea Mwalimu mkosi.

Alirudi baada ya wiki nyingi, na odio yake ilitoka Kabalo. Kijiji kimeteketea. Yeye na mke wake wametembea, wamepanda mtumbwi, wametembea tena, na Papa wa Kabalo amewapokea kwake. "Vitabu vyote vimeungua," alisema. "Nyumba, kuku, vyote. Mbwa alikataa kutoka pa mulango. Nilimuita, akakataa." Halafu akavuta pumzi. "Sasa muniambie, ule fundi wa saa alifika wapi? Tumalizie siku ya posho."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, kikundi kizima kilikuwa tayari. Papa wa Kabalo alisema amekaa na Mwalimu mkekani, simu katikati yao. Nilisalimia, nikatangaza, "Ukurasa wa thelathini na saba," kwa mbwembwe zangu zote, kisha nikafungua kitabu. Baada ya ukurasa wa thelathini na sita kulikuwa na meno tu ya karatasi zilizochanwa, halafu jalada.

Nilitoka mbio hadi uani. Mama alikuwa anakaanga karanga. Miezi ile alikuwa akiziuza kwenye njia ya kambini, na kwa kuwa barabara zilifungwa hata madaftari ya zamani ya kufungia yalikuwa yamekwisha sokoni.

"Mama! Karatasi za kitabu yangu ziko wapi?"

"Zile za rangi?" Hakuinua macho kwenye sufuria. "Zimeisha. Nilizikunjia kalanga. Batu banazipenda, batoto banazitunza."

"Ulipasua kitabu yangu?"

"Nilipasua ya nyuma tu. Ya mbele sikugusa hata moja. Nilisema, mutu akifika nyuma amesha maliza."

"Sijafika nyuma!"

"Wiki zote hizi kitabu iko juu ya kabati, haujafika nyuma?" Sasa aliniangalia, kwa huruma ya kweli kabisa. "Mwanangu, ile si makosa yangu. Ile ni uvivu."

Nilitaka kupiga teke sufuria. Nilitaka kucheka pia, na hilo liliniudhi zaidi. Ndani simu ilikuwa inalia: Mama Fotokopi, tuko tunangoja. Mama Fotokopi, uko?

Ningesema ukweli. Sentensi moja tu: karatasi zimechanwa, samahani. Lakini nilimkumbuka yule wa Lubumbashi alivyotolewa, na nikaona wazi jinsi watakavyofikiri. Nani ataamini kwamba mtu ana kitabu juu ya kabati na hajui mwisho wake? Watasema nimekula peke yangu, nimemaliza, nimeuza. Nao ndio watu pekee duniani ambao hawakuniuliza nina watoto wangapi. Basi nilichukua kitabu cha risiti cha kibanda, nikakaa nacho magotini, nikadanganya.

Sikuwa nimepanga. Nilisema fundi anafika stesheni ya mwisho, na mkuu wa stesheni anamwambia hilo gurudumu halijawahi kuonekana huku. Nikageuza risiti. Kwaa. Mlio ulikuwa mwembamba, si kama karatasi nzito ya albamu. Nikasema fundi anarudi kwa treni ya mizigo, mikono mitupu. Kwaa. Nikasema mji umebadilika, madirisha yamefungwa, saa kubwa bado imesimama. Kwaa. Picha ya mwisho, nikasema, inachukua ukurasa mzima, na haina maneno. Fundi yuko chini ya ngazi. Juu, mbele ya mlango, mbwa amekonda, mdomo umeota mvi, na anajikokota kusimama kwa sababu amezijua nyayo.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama wa Kirungu, naye hakusema, alipenga kamasi. Papa wa Kabalo alikohoa tu. Kisha ikaja odio ya Mwalimu, nusu yake pumzi. "Aksanti, Mama Fotokopi. Umesoma muzuri. Alimungojea, basi. Ule mbwa alimungojea."

Nilijisikia mwizi wa kanisani. Tena mwizi aliyepongezwa.

Wiki zilizofuata sikutulia kabisa. Niliharibu fotokopi, nilimkaripia mteja aliyekuja na cheti cha mtoto wake marehemu, kisha nikamkimbilia barabarani kumwomba radhi. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na yangu ilikuwa fupi kama kibanda. Mwalimu na mkewe walipanda treni ya mizigo kutoka Kabalo, wakapewa turubai ng'ambo ya Lukuga. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Niko Kalemie. Nitakuya kwako. Nataka kuona ile picha ya mwisho, mara moja tu, na macho yangu."

Nilimjibu kwamba kitabu kiko kwa shangazi. Alipouliza tena, nilisema shangazi amesafiri. Alipouliza mara ya tatu nilifunga kibanda siku mbili, nikakaa nyumbani nikizunguka meza. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Siku niliyofungua, mtu mrefu mwembamba aliingia, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, akaweka kadi yake ya ualimu juu ya mashine. Sikumjua. Kisha akafungua kinywa.

"Mama Fotokopi, njo weye?"

Ile sauti ilikuwa imeishi sikioni mwangu miaka miwili. Sikuweza kumdanganya akiwa na uso. Nilitoa albamu chini ya kaunta, maana ilikuwa pale muda wote niliodai iko kwa shangazi, nikaifungua nyuma, nikamwonyesha meno ya karatasi. Nikamweleza karanga, kabati, risiti, kila kitu, haraka haraka, huku nikipanga na kupangua rundo la karatasi ambalo halikuhitaji kupangwa.

Alipitisha kidole kwenye mchano, polepole.

"Kwa hiyo mbwa ni weye."

"Ni miye."

"Weye ulijua nimeacha wangu."

"Nilijua."

Alikaa benchini. "Unajua sababu gani nilifurahi? Sababu muchoraji hanijue. Eko mbali huko, hajue Mwalimu, hajue Ankoro, na akamuchora mbwa bado anangoja. Nikasema, basi kumbe inawezekana. Sasa unaniambia ni mutu ananijua. Ulinihurumia tu."

"Sikukuhurumia, Mwalimu." Sauti yangu ilipanda bila ruhusa. "Nilikuwa naogopa mutanitosha mu kikundi, mutanifukuza. Njo ile tu. Nilifikiria nafsi yangu."

Aliifunga albamu. "Ile njo mubaya zaidi," alisema. Akachukua kadi yake, ambayo hata sikuwa nimeitolea fotokopi, akasimama. "Siku ya posho uwaambie wengine. Miye sitakusaidia kusema."

Sitadai kwamba nililala vizuri siku zile. Niliwachukia wote mmoja mmoja kabla hawajanifukuza, ili iwe rahisi. Niliisafisha simu yangu kwa kitambaa mara sijui ngapi. Jumamosi ilipofika nilikaa uani karibu na mama, kwa kuwa sikutaka kuwa peke yangu, nikabonyeza na kusema: kurasa kumi za mwisho sikuwa nazo, mama alizifungia karanga, fundi kurudi na mikono mitupu ni mimi, mbwa ni mimi, mlio mliosikia ni risiti. Nilimaliza kwa kusema kwamba mkinitoa nitaelewa, na huo nao ulikuwa uongo.

Mama alitikisa sufuria. Nilisimama, nikazunguka choo, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Kisha ikaingia odio ya Papa wa Kabalo, na kabla ya neno lolote tulisikia karatasi ikigeuzwa, kwa mazoea. Kwaa.

"Miye pia niko na neno," alisema yule mzee. "Miye niliwasomea albamu ine. Musinikatize. Sina hata moja. Zote ziliungua mu vita ya kwanza, bado munasoma shule baadhi yenu. Nilikuwa nasoma ya kichwa. Pale kichwa ilisahau, niliongeza. Ile karatasi munasikia ni oreri ya treni, saa ya kufika na saa ya kutoka, treni zenyewe za abiria hazikuye tena. Mwalimu alilala kwangu, aliniona naishika mu mikono. Hakusema kitu. Sasa kama munamutosha Mama Fotokopi, munitoshe miye wa kwanza, sababu miye ni mukubwa."

Nilikaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule. Mama wa Kirungu aliingia akikohoa na kusema kwamba, kwa kuwa leo ni siku ya kuungama, albamu yake ya hadithi ya harusi ilikosa kurasa nne katikati, na ule ugomvi wa wakwe tulioucheka sana ulikuwa wa wakwe zake mwenyewe. Mtu akacheka. Mwingine akasema, na mimi. Lakini Mwalimu hakusema, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kikundi. Yeye ndiye hutoa watu.

Odio yake ilikuja jua likiwa limeanza kuzama nyuma ya mji. Nyuma ya sauti yake nilisikia kambi, masufuria, watu wengi.

"Mama Fotokopi. Ule mbwa alikuwa analala upande gani wa mulango?"

Nilishika simu kwa mikono miwili. "Sikusema upande, Mwalimu."

"Sema sasa."

"Kuume," nikasema, kwa kubahatisha.

"Wetu alikuwa analala kushoto. Kuume kulikuwa kunavuja."

"Basi kushoto."

"Muweke kushoto," alisema Mwalimu. "Na usome tena kutoka pale treni ya muzigo inafika. Pole pole. Muke wangu eko hapa, hajasikia."

Nilianza upya. Nilieleza mji, madirisha, saa iliyosimama. Kitabu cha risiti kilikuwa kibandani na sikuwa na kitu cha kugeuza, nikawaambia wanisamehe, ukurasa huu hautalia. Kabla sijaendelea iliingia odio fupi kutoka kambini, isiyo na neno hata moja. Ilikuwa karatasi tu, nzito kama ya albamu, ikikunjuliwa karibu sana na simu, na chumvi na maganda ya karanga yakidondoka kutoka ndani yake.